Hatua ya Saba Kutoka Barabarani

Kwanza niwatoe wasiwasi: nchi ninayoisema siyo yenu. Yenu ina bendera yake na viongozi wasikivu. Hii ni nyingine, iko huko mbele, ukishaipita yenu unakunja kushoto. Mimi nilikuwa mtumishi wake, Bwana Mifugo wa Kata ya Kwamgongo, mwenye stashahada ya miaka miwili na pikipiki ya serikali iliyowaka kwa kusukumwa. Haya ninayosimulia mengine niliyaona kwa macho, mengine niliyaona kwenye fomu, ambazo katika nchi ile zinaaminika kuliko macho.

Mambo yalianza vizuri, kama mambo yote ya pale. Waziri wa Mifugo, Malisho na Mandhari aliamka asubuhi moja akagundua kwamba taifa lina wimbo wake, lina ndege wake, lina mpaka supu yake rasmi, lakini halina nyasi yake. Kila mfugaji anapanda anachojua mwenyewe. Huyu ana matete, yule ana nyasi ya Guatemala, mwingine kachanganya nyasi na majani ya jamii ya maharage, wa bondeni ana vyake na wa mlimani ana vyake.

"Huu ni ukabila wa majani," Waziri alisema redioni, kwa uchungu mpaka mtangazaji akaomba radhi kwa niaba ya majani.

Ikaundwa Kamati ya Kitaifa ya Uteuzi wa Nyasi, watu kumi na watatu. Hakuwemo hata mmoja aliyewahi kufuga, na hilo lilifanywa makusudi, ili kuepuka mgongano wa maslahi. Mwenyekiti alikuwa kiongozi wa bendi ya polisi. Walikuwemo wanasheria wawili, mtaalamu wa mazulia, na fundi cherehani wa Waziri, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua rangi ya kijani kuliko watu wote. Kamati ilizunguka nchi sita kuangalia nyasi. Ikarudi na ripoti ya kurasa mia nne, ambazo mia tatu na tisini zilikuwa picha za kifungua kinywa.

Siku ya uteuzi sisi maafisa mifugo tuliitwa, tukakalishwa nyuma kabisa, jirani na vyoo. Mbele ya ukumbi zilipangwa trei kumi na mbili, kila moja na aina yake ya majani yameoteshwa. Nikasema moyoni, sawa, sasa ataletwa ng'ombe achague.

Akaletwa Waziri.

Akavuliwa viatu na wasaidizi wawili, kila mmoja na mguu wake. Soksi zikapokelewa kwenye sinia. Akafumba macho, bendi ikaanza kupiga polepole, naye akaanza kutembea pekupeku juu ya trei, moja baada ya nyingine.

Kwenye matete akaruka. "Inakata!" Fundi cherehani akafuta matete kwenye orodha. Kwenye nyasi ya Guatemala akajikuna. Kwenye trei ya desmodiamu, ile jamii ya maharage inayotambaa ardhini, ambayo ng'ombe akiionja anasahau alikotoka, akanyanyua mguu na majani yamemganda kisiginoni.

"Hii inang'ang'ania," akasema kwa chuki. "Sipendi kabisa kitu kinachong'ang'ania."

Alikuwa na mwaka wa kumi na tisa kwenye uwaziri.

Trei ya kumi na moja akasimama. Akakanyaga, akakanyaga tena, akatabasamu macho yakiwa bado yamefumba. Ilikuwa ile nyasi fupi laini inayopandwa mbele ya hoteli, haizidi kifundo cha mguu hata uibembeleze, na inataka maji asubuhi na jioni kama mgonjwa aliyelazwa.

"Hii ndiyo," akasema. "Hii inamheshimu mtu."

Mimi nikanyoosha mkono. Nilikuwa bado sijakomaa, nilikuwa na miaka hamsini na mbili tu. "Mheshimiwa, samahani. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Anakula kwa kuzungushia ulimi kwenye majani, anavuta. Sasa hii ilivyo fupi, ulimi utashika nini?"

Mwenyekiti, yule wa bendi, akaniangalia kwa huruma.

"Kijana," akaniambia, "ng'ombe atafundishwa."

Wakapiga makofi. Hivyo ndivyo taifa zima lilivyochaguliwa malisho kwa unyayo.

* * *

Wiki mbili baadaye ukaja Waraka. Kila mfugaji apande Nyasi ya Taifa. Majani mengine yote yang'olewe, na siku ya kuyang'oa ikapewa jina, Siku ya Mizizi Juu, iwe mapumziko. Ukapiga marufuku pia ile desturi ya kupanda fiwi au kunde katikati ya mahindi ili ardhi isibaki wazi baada ya mavuno. Sababu iliandikwa: ardhi iliyofunikwa kiangazi inaonyesha kwamba wananchi hawana imani na hali ya hewa ya serikali yao.

Chini kulikuwa na Fomu Namba Tisa, ya kujazwa na kusainiwa na Bwana Mifugo kwa kila shamba. Asiyesaini atahamishiwa Idara ya Konokono. Msidhani natania. Idara ipo, ina ofisi kisiwani, na aliyewahi kuhamishiwa huko hajarudi kutueleza konokono wanaendeleaje.

Nikachukua Waraka nikasukuma pikipiki mpaka kwa Bi Sikitu.

Bi Sikitu ni mjane wa miaka sitini na kitu, mfupi, ana eka moja na nusu kando ya barabara kuu ya kwenda mkoani. Zamani alikuwa na ng'ombe mmoja tu. Kiangazi cha mwaka ule mbaya, ng'ombe akalala chini kwa njaa asiinuke. Wanaume sita walimwinua kwa magogo siku nne mfululizo. Siku ya tano hawakuja tena, maana hapakuwa na wa kuinuliwa. Wiki iliyofuata Bi Sikitu akanijia ofisini na daftari la shule. "Bwana Mifugo," akasema, "mimi sitaki pole. Nifundishe majani."

Ilituchukua miaka mitatu. Kule chini kwenye unyevu, upande wa barabara, tukaweka matete, anayakata yakifika kiunoni na kuacha kisiki cha upana wa kiganja ili yachipue. Kwenye mteremko tukapanda nyasi ya Guatemala kwa mistari, ishike udongo. Katikati ya mistari, desmodiamu, ilishe ng'ombe na irutubishe ardhi kwa mkupuo mmoja. Mahindi yakifika magotini anasia fiwi, akivuna mahindi fiwi zinabaki zimelala juu ya udongo kama blanketi. Kwenye ua, miti ya lukina, ambayo majani yake ng'ombe anayapenda. Kinachozidi masika anakikatakata, anakishindilia kwenye mifuko ya nailoni mpaka hewa yote itoke, anafunga, anasubiri kiangazi. Saileji hiyo, ukifungua inanuka kama togwa.

Shamba lile ndiyo stashahada yangu. Cheti chenyewe kililiwa na mchwa.

Sasa alikuwa na ng'ombe mwingine, anamwita Shangazi, kwa sababu akiingia mahali wengine wanapisha. Shangazi alikuwa na mimba ya miezi minne, na kiangazi kilikuwa kinakuja.

"Shikamoo, Bi Sikitu."

"Marahaba. Mbona umekuja na sura ya matanga, kafa nani?"

"Hajafa mtu. Ni shamba."

Nikamsomea. Alisikiliza huku anaendelea kukata matete, shwaa, shwaa, wala hakupunguza mwendo.

"Hiyo nyasi yao inakua mpaka wapi?"

Nikainama nikamwonyesha kwenye kifundo cha mguu.

"Shangazi atakula na kijiko?"

"Wamesema atafundishwa."

"Na nani?"

"Kutakuwa na semina."

Bi Sikitu alicheka mpaka mundu ukamdondoka. Alicheka peke yake, akajifuta machozi na ncha ya kanga, halafu kicheko kikaisha ghafla.

"Yule wa kwanza nilikaa namfukuza inzi machoni siku nne," akasema. "Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nikiyang'oa haya, Shangazi atafika katikati ya kiangazi?"

Nilisoma miaka miwili, nikajibu kwa neno moja. "Hafiki."

"Basi sing'oi. Wewe kaandike unachoandika. Na ukipelekwa kwa konokono, nitakuletea togwa."

* * *

Kabla sijaandika chochote akafika Mkaguzi wa Nyasi wa Mkoa, Bwana Kagusa, mtu mnene mpole mwenye gari jipya. Nikapakiwa nyuma kwenda kuona ukaguzi unavyofanyika.

Unafanyika hivi. Mkaguzi anakaa ndani ya gari. Hashuki, kwa sababu Mwongozo wa Ukaguzi unamkataza: miaka ya nyuma mkaguzi mmoja alishuka, dereva akaondoka na gari, na serikali ikaapa halitatokea tena. Vioo vinafungwa kuzuia vumbi. Vioo vyenyewe vina rangi ya kijani. Gari linakwenda, mkaguzi anatazama nje, anaandika: kijani, kijani, kijani.

"Bwana Mkaguzi," nikamuuliza, "pale tumepita uwanja wa mpira. Hauna jani hata moja."

"Nimeandika kijani iliyokomaa."

Akanipa Mwongozo nijisomee. Ukurasa wa tatu nikakuta kifungu chenyewe, nikakisoma mara mbili, nikakunja kona ya karatasi. Kilisema: *Upeo wa ukaguzi ni hatua sita kutoka ukingo wa barabara. Kisichokuwemo ndani ya upeo kihesabiwe hakipo.* Chini yake, saini ya Waziri.

"Bwana Mkaguzi, kilicho hatua ya saba?"

"Hakipo."

"Hata kikiwa mlima?"

"Mlima uko Wizara ya Ardhi."

Jioni hiyo hiyo nilikuwa kwa Bi Sikitu na kamba ya kupimia. Nikamweleza. Akanitazama kama ninavyotazama ng'ombe anayetembea upande.

"Hatua sita za nani?" akauliza.

Nikafungua Mwongozo. Nikautafuta mbele na nyuma. "Haujasema."

"Basi zangu. Mimi mfupi."

Akasimama kwenye ukingo wa barabara, akahesabu hatua sita, akachomeka kijiti. Kutoka barabarani mpaka kwenye kijiti tukapanda Nyasi ya Taifa, kimkeka kizuri, unaweza ukalalia. Kuanzia hatua ya saba, matete aliyoyaacha yafike mita mbili yalisimama yakichungulia barabara. Wiki iliyofuata Bwana Kagusa akapita, akayatazama uso kwa uso, akaandika hakuna kitu. Mimi nikasaini Fomu Namba Tisa kwa moyo safi: *Ndani ya upeo, Nyasi ya Taifa asilimia mia.*

Sijui nani alisema. Mimi niliwaambia watu wachache tu, kama mia mbili. Ndani ya mwezi kata nzima ina mkeka wa hatua sita, mwezi wa pili mkoa mzima, na mwisho ukisafiri nchi ile kwa gari unaona pande zote mbili nyasi imenyooka kama meza. Wataalamu wa takwimu wakatangaza mafanikio ya asilimia mia. Mwezi uliofuata yakapanda kuwa mia na nne, kwa sababu barabara zina kona. Waziri akapewa nishani. Akaipokea huku amevua viatu.

Wachache waliotii kwa dhati, shamba zima, hao sitawacheka. Mmoja wao, Mzee Hoza wa kata jirani, mtu mwema asiyevunja hata foleni, aling'oa kila kitu. Nilimkuta kapiga magoti anamwonyesha ng'ombe wake kwa ulimi wake mwenyewe jinsi ya kuvuta nyasi fupi. Alikuwa amehudhuria semina.

* * *

Basi ikaja Wiki ya Nyasi. Waziri akataka sherehe, na kwenye sherehe akataka ng'ombe mnene aliyelelewa na Nyasi ya Taifa, asimame aile mbele ya wananchi.

Wakatafuta kwenye ranchi ya wizara. Ranchi ilikuwa mkeka mtupu toka uzio hadi uzio, na ng'ombe wake mbavu zilihesabika ukiwa ng'ambo ya mto. Mmoja alianguka kwenye mazoezi wakati wimbo wa taifa unapigwa. Kwenye ripoti aliandikwa kuwa amepiga saluti.

Ndipo Bwana Kagusa akakumbuka kwamba kuna ng'ombe mmoja huwa anamwona dirishani, ana kitambi kama cha diwani. Alikuwa Shangazi, mimba yake sasa miezi minane. Barua ikaja: sherehe itafanyika shambani kwa Bi Sikitu, Jumamosi. Jukwaa litajengwa. Wageni *watashuka kwenye magari*.

Bwana Kagusa alinifuata ofisini Alhamisi, kashuka, anatembea kwa miguu. Nilishtuka kuona ana miguu.

"Bwana Mifugo, hatua ya saba kuna nini?"

"Mwenyewe umeandika hakuna."

"Nakuuliza kama binadamu."

"Kama binadamu, kuna malisho ya kiangazi kizima."

Akakaa. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kalamu. "Kesho naleta trekta," akasema. "Linalima pote. Nisamehe, lakini mimi na konokono hatuivani."

Ijumaa asubuhi trekta la halmashauri likafika na majembe yake yameinuliwa. Dereva alikuwa Mwamvita, dada mmoja mkavu aliyevaa ovaroli. Bi Sikitu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo kaegemeza matete, hakuinuka. Uso wake ulikuwa kama siku ile ya tano ya magogo. Majirani walijaa. Mimi ndiye niliyefungua mdomo, kwa woga tu.

"Dada Mwamvita, una barua ya kazi?"

"Sina. Bila barua sichomi dizeli ya umma." Akamgeukia Kagusa. "Bosi, andika hapa: nilime nini, kiko wapi."

Bwana Kagusa akatoa kalamu. Akaandika *Ng'oa*, akasimama. Alikuwa amepeleka mkoani ripoti kumi na nne, zote zinasema pale hapana kitu. Akaandika *matete*, akayafuta. Akaandika *yaliyoko hatua ya*, akaifuta hiyo nayo.

"Unataka ang'oe kisichokuwepo?" Bi Sikitu akamuuliza, kwa upole kabisa. "Mwanangu, serikali itakuuliza dizeli ilikwenda wapi."

"Andika tu 'shamba'," akajaribu Kagusa kujishauri mwenyewe.

"Shamba ni hatua sita," nikamkumbusha. "Hizo zina Nyasi ya Taifa. Kuing'oa ni uhaini."

Mwamvita alisubiri robo saa, akapiga miayo, akageuza trekta. Bwana Kagusa akabaki na karatasi yenye neno moja.

* * *

Jumamosi kukapambwa. Waziri akapanda jukwaani, ambalo lilijengwa kutazama mkeka. Akahutubu.

"Ndugu wananchi! Wapo waliosema nyasi hii ni fupi. Nami nawauliza, ufupi ni nini? Zipo nchi zenye nyasi ndefu, na ndani yake wanajificha nyoka! Sisi tumechagua uwazi! Leo ng'ombe mzalendo atathibitisha!"

Shangazi akaletwa kavishwa mshipi wa rangi za bendera. Bendi ikanyamaza. Akainamisha kichwa. Akatoa ulimi, ule ulimi mrefu wa kijivu, akauzungusha juu ya Nyasi ya Taifa, akavuta. Ukateleza. Akajaribu tena, ukateleza. Akainua kichwa akamwangalia Waziri kama mgeni aliyealikwa karamu akakuta kitambaa cha meza peke yake.

Halafu akaondoka zake.

Hatua moja, mbili, tatu. Nilimtazama Bi Sikitu, midomo yake ilikuwa inahesabu. Hatua ya sita. Ya saba. Matete yakafunguka, Shangazi akaingia, yakafunga. Tukabaki tunasikiliza. Watu elfu moja na bendi ya polisi, kimya, tunasikiliza mtu mzima anakula.

Aliporudi, desmodiamu ilikuwa inaning'inia toka mdomoni mpaka kifuani kama ndevu.

"Mkaguzi!" sauti ya Waziri ilikuwa ndogo. "Ng'ombe amekwenda wapi?"

"Hajaenda popote, Mheshimiwa. Pale hapana mahali."

"Anatafuna nini?"

"Hatafuni, Mheshimiwa."

Shangazi akatafuna.

Waziri akanigeukia mimi. "Wewe! Wewe ndiye yule wa meno ya ng'ombe. Sema!"

Nikafikiria Idara ya Konokono. Nikamfikiria Bi Sikitu na inzi wa siku nne. Nikatoa Mwongozo, ukurasa wenye kona iliyokunjwa, nikampa mikono miwili kwa heshima zote. "Mheshimiwa, mimi sina la kusema. Umeshasema wewe."

Akasoma kifungu. Akaitazama saini yake muda mrefu, kama mtu anayetazama picha yake ya zamani akiwa na nywele. Kiongozi wa bendi, kwa kutapatapa, akaanzisha wimbo wa kuaga.

Ndipo Waziri akashuka jukwaani. Nilidhani anakwenda kumkamata Bi Sikitu kwa mkono wake. Alimkaribia, akainama kidogo, nami nilikuwa karibu nimeshika kamba ya Shangazi, nikasikia.

"Mama," akanong'ona, "mimi nilionyesha mfano. Shamba langu lote nilipanda ile yangu. Nilikuwa na ng'ombe arobaini. Wamebaki ishirini na sita, na wanne hawasimami. Hicho ambacho hakipo. Naweza kupata mbegu?"

Bi Sikitu alimtazama viatu.

"Utapata, baba. Lakini kutoka hapo ulipo hakionekani. Njoo kwa miguu."

"Viatu vyangu hivi..."

"Vua. Si ndivyo unavyochagua?"

Nikakohoa nikaangalia mawinguni. Ndiyo, nilimsimulia. Waziri akatazama huku na huku, wasaidizi wake walikuwa mbali, wanaimba. Akainama, akafungua kamba mwenyewe, ilimchukua muda, inaonekana hakuwahi kufundishwa. Akavua. Akaanza kutembea juu ya mkeka wake mlaini, na hatua ya saba akaingia kwenye matete.

"Aah! Inakata!"

"Inakata, ndiyo," sauti ya Bi Sikitu ikatoka ndani. "Ng'ombe haji kuitembelea, baba. Anakuja kuila. Shika hapa, kata pingili tatu tatu. Siyo hivyo. Lete mundu."

Walikaa humo nusu saa. Bendi ilirudia wimbo wa kuaga mara tisa.

Alipotoka, alikuwa na vipando vya matete ndani ya koti, na mbegu za desmodiamu zimemganda kwenye suruali toka pindo hadi kiunoni, nyingi mpaka suti ikabadilika rangi. Alijikung'uta, hazikutoka. Akapanda jukwaani hivyo hivyo, pekupeku, akakohoa.

"Ndugu wananchi. Tumejionea. Nyasi ya Taifa imeshinda." Makofi. "Waraka unabaki kama ulivyo." Makofi machache. "Ila, kwa kutambua mafanikio haya, kuanzia leo wizara inapunguza upeo wa ukaguzi. Kutoka hatua sita, kuwa hatua tatu."

Hakuna aliyejua kama apige makofi au la. Bwana Kagusa alianza kulia kwa faraja, akaandika kijani.

"Amesema nini huyo?" Bi Sikitu akaniuliza. Sikio lake moja ni zito.

"Amesema hawang'oi. Na tumeongezewa hatua tatu."

Akaweka kiganja kwenye ubavu wa Shangazi, pale ndama anapopiga teke, akakiacha hapo muda.

Mwezi mmoja baadaye, katikati ya kiangazi, Shangazi alizaa jike, akasimama mwenyewe bila gogo la mtu. Na mvua za kwanza zilipopiga, desmodiamu ikachipua kwenye lango la wizara, pale Waziri anaposhukia garini. Walinzi wameambiwa wasiione.

Lakini hayo ni baadaye. Jumamosi ile, vumbi la msafara lilikuwa bado halijatua, Bi Sikitu akachukua jembe akaenda barabarani.

"Bwana Mifugo, hizo tatu ni za nani?"

Nikafungua Mwongozo kwa heshima ya kazi tu. "Haujasema."

"Haya. Hapa katikati tuweke nini?"

Nikachota udongo, nikaufikicha. Ulikuwa mkavu, umechoka kwa kumwagiliwa mkeka. "Anza na fiwi," nikamwambia. "Ziufunike kwanza, upumzike."

Akasimama kwenye ukingo wa lami, akakunja kanga, akaanza kuhesabu. Nimeishi miaka mingi na nimeona watu wengi wakitembea, lakini sijawahi kuona mtu mzima anapiga hatua fupi namna ile.